Nyota Nyekundu Juu ya Vilima vya Kongo

Siku nilipoanza kazi hii nilikuwa nimeshastaafu kazi nyingine. Nilikuja Kasese kijana kutoka Kenya, nikawa fundi wa tanuri la saruji hadi mvi zikaniota, na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi wakaniaga kwa soda na keki. Wiki hiyo hiyo Mratibu wa kikundi chetu cha watazamaji nyota, aliyekaa Kampala, alinikabidhi darubini kuukuu na nyota moja ya kufuatilia. Mshahara haukuwepo, nami nilifurahi kama bwana harusi.

"Ni nyota ya kaboni," aliniambia. "Inatoa masizi, ikajifunika kama chemni ya taa. Yakizidi, inafifia na wekundu unakolea. Kazi yako ni kukadiria mng'ao wake. Ila usiikodolee macho!"

Hapo ndipo wanaoanza huchemsha. Kukadiria ni kulinganisha nyota yako na jirani zake ambazo mng'ao wao unajulikana. Sasa, nyekundu ina hila: ukiitazama sana, inaonekana kuongezeka mng'ao, kumbe ni jicho lako tu. Kwa hiyo unatupa jicho, unaliondoa, unatupa kwa jirani, halafu unaamua.

Kituo changu cha kwanza, uani kwenye nyumba za wafanyakazi Kasese, kilikuwa balaa la vumbi na taa. Nikahamia Bwera, kwao mke wangu, karibu na mpaka wa Kongo, juu kidogo ya njia ya Karambi. Giza la huko, acha tu!

Msimu mmoja nyota ilikuwa inashuka kuelekea kufifia kabisa. Msimu uliotangulia mawingu yalininyima sehemu hiyo, na safari hii niliapa siikosi. Jioni moja nimeinamia darubini, imeelekea vilima vya Kongo, nikasikia buti nyuma yangu.

"Mzee! Simama hapo! Hiyo bomba naangalia nani?"

Alikuwa Kamanda wa kambi ya jirani, na askari wawili. Nikamwambia, "Nyota, afande." Akaguna, akainama mwenyewe. Akakodoa. Akaendelea kukodoa.

"Iko naongeza moto!" akafoka. "Hii hapana nyota. Iko mutu kwa mulima, nawashia wewe taa!"

Darubini ikabebwa begani hadi kambini. Nililia, sisemi uongo. Nyota ilikuwa inashuka kila siku, nami sina cha kuitazamia.

"Enda umwambie," mke wangu akasema. "Kuongea si ndiyo kazi unaijua?"

Kesho yake giza lilipoingia nikasimama langoni mwa kambi. "Afande, naomba uitazame mara moja tu. Lakini itazame kama unavyomtazama mama mkwe."

Askari wakaangua kicheko. Kamanda alikuwa mtu aliyeoa kwa heshima, alielewa mara moja. Darubini ikasimamishwa, akatupa jicho, akaliondoa haraka, akatupa tena.

"Imetulia," akasema polepole. "Kumbe macho ndio nadanganya mimi." Kisha akamgeukia askari: "Wewe! Geuza ile taa ya geti. Mzee afanye kazi."

Nikarudishiwa darubini, na kila jioni ya anga safi taa ile iligeuzwa, nami nikaifuata nyota hadi chini kabisa na kuiona ikianza kupanda. Sijui furaha nyingine ya namna ile, na nina watoto sita.

Niliacha kazi siku nilipoona kila nyota ina rangi ya chai. Daktari wa macho huko Kisinga akasema ni mtoto wa jicho. Nikampigia Mratibu mwenyewe: "Usipokee tena makadirio yangu. Jicho limezeeka."

Akaniuliza, "Unasikitika, mzee?"

"Hata," nikamjibu. "Nyota niliiona hata ilipokuwa karibu kutoweka."