Chinsaga Nyuma ya Zizi

Chinsaga, mboga ambayo kwingine huitwa mgagani, hunuka kabla haijaiva. Harufu yake kali ilitoka kwenye chungu cha Mama ikatupokea njiani tukitoka shule, nyumbani kwetu karibu na Kebirigo. Wageni walikunja pua. Sisi tulikaza mwendo. Mama aliichemsha, akamwaga maji, akatia maziwa, akailaza hadi kesho yake, maana ya siku hiyo hiyo ni chungu kama shubiri. Hakuna aliyeipanda. Mvua ikishika, ilijiotea yenyewe kwenye samadi ya zizi la zamani.

Msimu ule Baba alishikwa na homa ya chai. Majirani walikuwa wamepanda hadi mlangoni, naye hakutaka kuachwa nyuma. Kwetu palibaki zizi lile tu. Asubuhi moja alifika na jembe na miche, akamkuta Mama ameketi katikati ya chinsaga, mjamzito wa miezi ya mwisho, miguu ameinyoosha.

"Mama Kerubo, ondoka," alisema, akimwita kwa jina langu. "Chai ndiyo itasomesha hawa watoto."

"Yaya, siondoki," Mama alikataa. "Nikijifungua, utanipikia majani ya chai?"

Kwetu mzazi hulishwa chinsaga kwa maziwa mpaka damu imrudie na mtoto apate kunyonya. Baba alilijua hilo vizuri. Hata hivyo alianza kulima pembeni, akasogea, akasogea, hadi udongo ukamrukia Mama miguuni. Mama hakuvuta hata kidole. Nilimwogopa sana Baba, lakini siku hiyo hasira ilinizidi. Nikaenda nikaketi kando ya Mama. Baba alitutazama, akaguna, akampelekea ndugu yake ile miche. Moraa, mdogo wangu, alipozaliwa, Shangazi alichuma kila jioni, na Baba mwenyewe ndiye aliyekamua maziwa ya kutilia.

Siku hizi waliokunja pua wanaiulizia chinsaga hotelini. Wazazi wetu hawapo tena, na kaka yangu anataka kujenga vyumba vya kupangisha pale pale zizini. Mboga, anasema, tutanunua sokoni. Usiache mbachao kwa msala upitao, nilimwambia mbele ya ukoo mzima, na pale hapajengwi nikiwa hai. Akacheka. Juzi alileta fundi wa kupima, wakanikuta nachuma. Niliwaambia wapime kwingine: Moraa amejifungua, na mimi sina muda wa kubishana.