Tiketi Yangu ya Kurudi Haikuwa na Tarehe

Wakuu, heshima kwenu. Nimesoma mnavyobishana kuhusu safari ndefu usiyojua itaisha lini: ukate tiketi ya kwenda tu, return yenye tarehe, au return iliyo open? Nina la kusema, na nitalisema lilivyotokea, bila chumvi.

Mimi ni mzee wa Isongole. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja.

Nilipanda ndege kwenda Uingereza miaka ya mwisho ya Mwingereza hapa kwetu, wakati babu zenu wengi walikuwa hawajagusa hata baiskeli. Nikarudi na diploma ya upimaji ardhi. Kwa kichwa changu, sikubebwa na mtu.

Karani wa tiketi pale Mbeya alinitajia hizo hizo tatu. Nikachagua open. Sikujua masomo yataisha lini, na nilijiona mjanja kuliko yeye.

Nyumbani mama akauliza, "Unarudi siku gani?"

"Siku nitakayotaka, mama. Pa tarehe pameachwa wazi."

Kaka yangu Ambakisye akacheka. "Msomi kanunua nusu safari!"

Mama hakucheka. Mdogo wake alikwenda migodini kusini bila kutaja siku, akawa machona, wale wanaopotelea huko moja kwa moja.

Kwetu, anayeondoka bila kutaja siku, mlango wa chumba chake huzibwa kwa udongo. Wa kuuvunja ni yeye tu. Miaka miwili ikipita hajarudi wala kutaja siku, analiliwa kama maiti.

Wakaziba changu asubuhi ileile, nimesimama na begi langu. Udongo ukiwa bado mbichi, ndani mtu akakohoa.

Wakuu, kikohozi kile kilikuwa changu.

Nikajiambia ni mwangwi. Msomi anaogopaje udongo?

Mwaka wa pili ukielekea mwisho, nikaahidiwa mwaka mmoja zaidi wa masomo ya juu. Ndipo ikaja barua ya Ambakisye:

"Mavuno yakiisha tutakulilia, mama ameshasema. Halafu mbona mchana unatembea chumbani, tukikuita huitiki? Siku hizi tunasikia una viatu vizito."

Viatu hivyo nilikuwa nimevinunua majuzi tu, kwa ajili ya baridi. Sikuwa nimemwandikia mtu habari zake.

Kesho yake nikaenda ofisi ya ndege, nikaandikisha tarehe. Masomo ya juu nikayaacha. Nikapeleka simu ya maandishi, yaani telegramu, nyumbani kuitaja siku.

Nilirudi siku hiyohiyo niliyoitaja. Nikavunja udongo kwa jembe, mama yuko nyuma yangu.

Sakafuni kulikuwa na vumbi, na juu ya vumbi nyayo za viatu, kitandani hadi mlangoni, mara nyingi. Nikaweka mguu juu ya mmoja, nimevaa viatu vyangu vilevile vya baridi. Ukaenea, hata kisigino cha kulia kilichokwisha anza kulika upande.

Nyayo za mwisho zilikuwa zimeelekea mlango, vidole vimegusa udongo.

"Simu yako ilipofika, akanyamaza," Ambakisye alisema taratibu. Hakuwa na utani siku hiyo.

Nikampa mama ufagio. Akaurudisha mkononi mwangu.

"Fagia mwenyewe, baba. Mimi naweza kukosea nikakufagia wewe."

Basi funzo langu: andikisha tarehe, hata kama utakuja kuibadilisha. Ukiibadilisha, watajie nyumbani siku mpya.

Mlioko mbali na tiketi za open, pigeni simu kwenu leo, muulize chumba chenu kiko kimya? Kisha mrudi hapa mniambie mmejibiwa nini.