Gari Jeupe la Isevya

Watu wa mtaa wetu wa Isevya wanaolikumbuka gari langu hucheka wakilisimulia. Mimi sicheki. Miaka imepita mingi, kichwa kimejaa mvi, na bado mtu akinitajia siku ile ya maandamano damu inanichemka. Basi nitaeleza mwenyewe jinsi ilivyokuwa, ili anayetaka kucheka acheke akijua anacheka nini.

Nilikuwa fundi wa mabodi ya malori. Lori lilifika Tabora likiwa kichwa na chasi tu, sisi tukalijengea bodi la mbao za mninga, tukalifunga vyuma, tukalipaka rangi. Lilipokamilika mwenyewe alikuja akaondoka nalo, nasi tukabaki na maranda. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu za wenyewe kutoka hapa mpaka pwani, akarudi na kovu begani na hadithi. Nilipokuwa kijana niliapa kwamba katika maisha yangu nitatengeneza angalau kitu kimoja ambacho mtu hatakuja kukichukua.

Aliyeliona lile gari kwanza ni mke wangu. Ukumbi wa sinema wa mjini ulikuwa na siku moja ya wiki, alasiri, kwa ajili ya wanawake peke yao. Siku hiyo alirudi nyumbani, hata buibui hajalivua, akaniambia, "Fundi, leo nimeona gari."

"Magari si unayaona kila siku?"

"Sikusema magari. Nimesema gari."

Jumamosi nikaenda kuliona. Kisa chenyewe cha sinema nimekisahau, kilihusu mpelelezi na almasi zilizoibwa. Gari sikulisahau. Lilikuwa jeupe, refu, limelala chini kama paka anayevizia, na nyuma lilikuwa na mapezi mawili kama ya samaki. Taa zake za mbele hazikuonekana mpaka zilipohitajika. Hapo vifuniko vilifunguka polepole, kama macho ya mtu anayeamka. Mji mzima ulikuwa ukilizungumza. Watoto walilichora kwa mkaa kwenye kuta. Mimi nilirudi nyumbani nikakaa uani, nikatazama ile nafasi tupu kati ya jiko na ukuta, nikaipima kwa hatua.

"Linaenea," mke wangu alisema nyuma yangu. Sikuwa nimemwambia lolote.

Kazi ilichukua mwaka na zaidi, saa za jioni kabla ya magharibi na siku za mapumziko. Chasi niliipata njia ya Nzega, kwa mkulima mmoja aliyekuwa na pikapu iliyoungua nyuma ya nyumba yake. Kuku walikuwa wakilala ndani yake. Nikamtengenezea mkokoteni wa ng'ombe, naye akanipa pikapu, akacheka mpaka akakaa chini. Mifupa ya bodi niliijenga kwa mninga. Bati lilitoka kwenye mapipa ya lami yaliyotupwa na watengeneza barabara. Niliyapasua, nikayachoma lami, nikayanyoosha kwa nyundo ya mbao pigo moja moja. Masikio yalinivuma wiki nzima.

Vipimo vilikuwa vya mke wangu. Mimi nilikuwa nimelitazama gari kama fundi, nikaona viungo na kona. Yeye alilitazama likiwa na watu. Siku niliyosimamisha mlango alikuja, akasimama kando yake, akatikisa kichwa.

"Mrefu mno. Yule dada wa kwenye sinema alipouegemea ulimfika hapa." Akajigusa kiunoni.

"Una hakika?"

"Alikuwa na mkanda mweusi. Ukingo wa mlango ulikuwa sawa na mkanda."

Nikaubomoa. Sinema iliporudi tena mjini aliiona mara mbili zaidi, na kila alipotoka alinipa makosa yangu. Boneti ni fupi. Pezi la kulia umelilaza mno. Alikuwa sahihi kila mara, na mara nyingine nilikasirika nikaenda kukaa barazani, kisha nikarudi kurekebisha.

Viti alivishona yeye, kwa ngozi bandia nyekundu, akavijaza pamba ya Nzega aliyoichambua kwa mikono yake. Usukani niliuchonga kwa mninga, nikausugua mpaka uking'aa. Taa nilizifunga kwa waya wa breki za baiskeli: ukivuta kishikio chini ya usukani, vifuniko vinafunguka pamoja. Injini halikuwa nayo. Mzee mmoja jirani aliniuliza, "Linakwenda?"

"Haliendi."

"Sasa la nini?"

"La kutazamwa."

Akalizunguka mara mbili, kesho yake akaniletea kioo cha pembeni alichokuwa amekihifadhi kwa miaka.

Siku tulipomaliza rangi mke wangu aliingia, akakaa, akashika usukani. Akavuta kishikio. Macho ya gari yakafunguka. Alikaa pale mpaka uji ukaungua jikoni.

Ilikuwa miaka michache baada ya Azimio la Arusha. Kila mahali tulisikia habari za kujitegemea, na mimi niliziamini. Nasema hivi kwa sababu baadaye kuna walioniita mpinzani. Niliimba nyimbo zile kwa sauti yangu yote. Nilipofikiria kujitegemea nilifikiria mapipa ya lami na mikono yangu.

Ndipo akaja bwana mmoja wa kamati ya sherehe. Sikukuu ya taifa ilikuwa inakaribia. Aliingia uani kwetu na shati lake la kaunda, akaliona gari, akasimama kama aliyepigwa na kitu.

"Ndugu fundi, hili umelijenga wewe?"

"Mimi na mke wangu."

"Kwa vitu vya hapa hapa?"

"Mapipa na mninga."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Huku ndiko kujitegemea, ndugu. Tunaliomba liwe kwenye maandamano. Mji wote ulione."

Moyo wangu ulijaa. Nikakubali papo hapo. Alipoondoka mke wangu akasema, "Ungemwuliza litapita na bango gani."

"Bango la ufundi. Bango gani tena?"

"Ungemwuliza tu."

Sikumwuliza. Katika yote yaliyotokea hili ndilo langu, na hasira yake najielekezea mwenyewe.

Siku moja kabla walikuja na trekta wakalichukua. Asubuhi ya sikukuu nilivaa shati lililopigwa pasi, nikasimama mbele kabisa penye kamba. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa uwanja, na wanawake. Walipita wanafunzi. Wakapita wakulima na mafungu ya pamba na tumbaku. Kisha nikasikia kicheko kinatoka mbali, kinakuja kama upepo, na nyuma ya kicheko likaja trekta linavuta gari langu.

Juu ya boneti walikuwa wamepigilia ubao. Walipigilia misumari, katika lile bati. Ubao ulisema: KUPE HUYU HAPA. Siku zile kupe ndilo jina walilopewa wanyonyaji. Ndani alikaa mtu aliyefungwa mto tumboni, amevaa suti na kofia, anavuta sigara nene na kuwatupia watu maganda ya machungwa. Viatu vyake alikuwa ameviweka juu ya kiti chekundu.

Nilidhani nimekosea kuona. Kisha nikadhani labda litapita tu. Lakini trekta lilisimama katikati ya uwanja, vijana wenye majembe na marungu wakatoka mbio wakiimba, wakamvuta yule kupe wakamwangusha, na watu wakashangilia. Baada ya hapo wakaligeukia gari.

Jembe la kwanza lilipita kwenye boneti. Nyinyi hamkuyanyoosha mapipa yale, hamwezi kujua nilivyousikia mlio ule. La pili likavunja jicho la kushoto. Jukwaani wakubwa walipiga makofi.

Niliruka kamba. Mgambo akanidaka kifuani.

"Tulia, ndugu. Ni mchezo."

"Ni gari langu! Gari langu lile!"

Akanitazama vizuri. "Gari lako? Lako binafsi?"

Aliniuliza taratibu, bila kupaza sauti, na siku zile neno binafsi lilikuwa karibu na kosa. Watu wawili watatu waligeuka kunitazama. Mimi, mtu mzima, mwenye mikono inayoweza kuinua ubao wa mninga peke yangu, nilinyamaza. Niliogopa. Nilirudi nyuma ya kamba nikasimama kama wengine.

Mke wangu hakunyamaza. Nilimwona akikata uwanja kutoka upande ule, buibui limemwanguka mabegani, anatembea bila haraka. Alifika penye gari wakati vijana wameinua majembe.

"Pisheni," akawaambia.

Wakapisha. Sijui kwa nini. Nadhani kila mmoja wao alikuwa na mama. Akaingiza mikono, akatoa kiti cha dereva, akakiweka chini. Akatoa cha pili. Kipaza sauti cha jukwaani kikakoroma: "Mama, toka uwanjani. Onyesho linaendelea."

"Endeleeni!" alijibu, na sauti yake ilifika kwetu. "Nachukua changu. Nimekishona mwenyewe, na sijamnyonya mtu!"

Ngoma zikakatika. Wanawake wawili wakavuka kamba wakamsaidia kubeba kiti cha nyuma. Walipita mbele ya jukwaa lote na viti vile vyekundu kichwani, wakatoka kwa njia ya sokoni. Kisha ngoma zikaanza tena, na vijana wakamaliza kazi yao, ingawa hawakuimba tena kwa nguvu.

Siku ya kazi iliyofuata nilikwenda ofisini kwa yule bwana wa kamati. Alinikaribisha kiti. Alikuwa na furaha.

"Onyesho lilifana, ndugu. Tunakushukuru."

"Uliniambia ni ufundi wa kujitegemea."

"Tulihitaji alama. Wananchi wamwone kupe kwa macho."

"Kwa nini langu?"

Akafungua mikono. "Sasa hapa Tabora nani mwenye gari kama lile? Hayupo hata mmoja. Ndiyo maana tukaja kwako."

Alisema hivyo bila kusikia alichokisema. Katika mji mzima hawakumpata tajiri wa kumpiga, wakaazima kwa fundi. Kupitia dirishani niliona gari la ofisi likimngoja kivulini, dereva anafuta vumbi.

"Mngelipiga lile," nikasema.

Furaha ikamtoka usoni. "Angalia kauli zako, ndugu." Akanisukumia barua ya shukrani, ina muhuri. Niliiacha mezani.

Baada ya wiki moja niliitwa kwenye mkutano wa mtaa kueleza mapipa ya lami niliyapata wapi. Nilieleza mara tatu. Yule mzee jirani aliyeniletea kioo alisimama akasema aliyaona yakiwa yametupwa jalalani, na kama kuokota taka ni hujuma basi wamfunge na yeye. Wakaniacha.

Mabaki yalikaa uwanjani mpaka masika. Watu walichukua mninga kwa kuni na bati kwa mapaa. Nilipita siku moja nikaona jiko la mama mmoja limeezekwa kwa pezi langu la kulia, rangi nyeupe bado ipo. Huyo sikumkasirikia. Alikuwa na shida ya paa.

Viti viko sebuleni kwetu mpaka leo. Wajukuu wanavirukia. Gari lingine sikujenga, ingawa mke wangu aliniambia zaidi ya mara moja kwamba vipimo vyote bado anavyo kichwani. Mikono ilikuwa tayari, moyo uligoma.

Yule bwana wa kamati nilikutana naye mara moja tu tangu hapo, stesheni, nilipomsindikiza mke wangu aliyekuwa akienda Tura kumwona dada yake. Bwana yule alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo. Alikaa kwenye benchi letu, akangoja nimwamkie kama desturi. Sikumwamkia. Mke wangu alinigusa kwa kiwiko, nikakaa vile vile.

"Tunafahamiana?" akauliza.

"Ulichukua gari langu jeupe."

Akafikiri. "Gari lipi hilo?"

Treni ilikuwa imechelewa, nikamsimulia yote, tangu mapipa hadi majembe. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa juu ya fimbo yake. Nilipomaliza akapumua.

"Zilikuwa kazi tu, ndugu yangu. Tumekuwa wazee. Basi tusameheane."

"Mimi unisamehe nini?" nikamwuliza.

Treni ikaingia. Nikabeba mzigo wa mke wangu, nikampandisha, nikasimama dirishani mpaka ikaondoka. Nilipogeuka yule mzee bado yuko kwenye benchi, nami nikapita mbele yake nikaenda zangu nyumbani.