Salama Tu, Kutoka Msituni

Binti yangu amezaliwa Landani na analalamika kama Mlandani. Basi likichelewa utasikia, chai ikipoa utasikia, mvua ikinyesha utadhani imetumwa kwake peke yake. Kiswahili anakielewa chote, hata ninapomsengenya kwenye simu, lakini akijibu ni kwa Kiingereza, na akiulizwa habari anaanza na mabaya. Kwa hiyo chuo chake kilipotangaza kwamba wanafunzi wa mambo ya mimea watasoma muhula mzima katika msitu wa mvua kule Borneo, mimi nilicheka. Huyu, anayepiga mayowe akiona buibui bafuni kwetu Walthamstow?

Yeye hakucheka. Alianza kufunga mizigo.

Jioni ya kuamkia safari nilikaa kitandani kwake, katikati ya soksi, nikampa somo. Nilimwambia kwetu hatumpigii mtu simu tukaanza na kilio. Unasalimia kwanza, unauliza watu wa nyumbani, ukiulizwa habari unasema nzuri, mengine yatafuata. Akasema huko ni kudanganya. Nikamwambia si kudanganya, ni adabu, na bibi yake kule Tanga angemsikia anavyoongea na simu angenilaumu mimi niliyemlea. Akageuza macho, akaendelea kukunja soksi.

Ujumbe wa kwanza ulitoka uwanja wa ndege, analalamikia chakula. Wa pili ulitoka mji wa mwisho kabla ya msitu, analalamikia joto. Halafu kimya. Tulikuwa tumeambiwa kwamba huko kituoni wanaingia kwa mashua, na simu haishiki mpaka mtu apande kilima. Baba yake, ambaye ni dereva wa basi na haoni shida katika jambo lolote lisilo na foleni, alisema kimya ni dalili njema. Mimi niliogopa, sitaficha. Niliwaza nyoka, nikawaza mto, kisha nikaganda kwenye homa, maana malaria mimi naijua kwa sura, na mtoto wangu anaijua kitabuni tu. Kazini, kwenye nyumba ya wazee ninakohudumia, nilimvalisha bibi mmoja sweta nyuma mbele, na yeye ndiye aliyenipa pole.

Jumamosi asubuhi nilikuwa sokoni nikichagua ndizi mbichi, simu ikalia kwa namba nisiyoijua. Nilipopokea nilisikia wadudu wakilia kwanza, kisha sauti yake, taratibu, imenyooka.

"Shikamoo, mama."

Mtoto huyu hajawahi kuniamkia bila kusukumwa kwa kiwiko. Nikaitikia marahaba.

"Hamjambo nyumbani? Baba hajambo?"

Hatujambo, nikasema. Nikauliza habari za huko.

"Nzuri, mama. Salama tu."

Aliyekulia kwetu ataelewa kwa nini nilijikalia juu ya kreti ya muuza ndizi bila hata kuomba ruhusa. Kwetu habari ni nzuri hata msiba ukiwa sebuleni. Shangazi yangu alipofariki, kaka yangu alinipigia tukapitia salamu zote, wazima, hawajambo, mvua imenyesha, watoto wanasoma, ndipo likaja lile "ila". Ndiyo maana simu ikianza kwa upole mno tunatafuta ukuta wa kuegemea. Na sasa mwanangu, mlalamishi wa kuzaliwa, ananipa salama tu kutoka katikati ya msitu, tena kwa Kiswahili. Nikajua amevunjika mguu, au amelazwa, au kuna mtu amesimama karibu anamwelekeza la kusema. Nikangoja lile "ila". Halikuja. Muuza ndizi akaniuliza kama ninajisikia vibaya, nikampungia mkono aniache.

"Mwanangu," nikasema, "niambie ukweli. Umepatwa na nini?"

"Mama, si ulisema nisalimie kwanza? Sasa naruhusiwa kulalamika?"

"Lalamika," nikamwambia. "Lalamika mwanangu, nakuomba."

Basi akafungulia bomba, kwa Kiingereza chake, mbiombio. Ruba wanapenya hata kwenye matundu ya kamba za viatu. Hakuna nguo iliyokauka tangu wafike, na soksi zimeota ukungu. Wali asubuhi, wali mchana, wali jioni. Mwenzake wa chumbani anakoroma kuwashinda vyura, na mwalimu anawaamsha kabla ya mapambazuko kwenda kusikiliza nyani wanaopigiana kelele bila haya. Siku ya kwanza alilia, na ya pili pia, ila kidogo. Kuna mti ambao darasa zima wakishikana mikono hawauzunguki, na hata huo aliusema kwa hasira, kwa sababu shingo inamuuma kwa kuutazama.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Nilimshukuru Mungu kwa kila ruba. Mgonjwa hasa hapati nguvu za kuutukana wali. Nikanunua ndizi nyingi kuliko tulizohitaji, kwa aibu ya ile kreti.

Njiani kurudi nilikumbuka baridi yangu ya kwanza katika mji huu. Kila Jumapili nilimpigia mama yangu Tanga, meno yakigongana, ukuta wa chumba umelowa kwa unyevu, nikamwambia nzuri, mama, salama tu. Miaka yote hii nimempa salama hiyohiyo, nikidhani ninampumzisha.

Sikusubiri Jumapili. Nilimpigia nikiwa jikoni, koti bado liko mwilini. Nikamwamkia, tukaulizana wa kwake na wa kwangu, kisha akauliza habari za Landani. Nikamwambia goti linanisumbua tangu baridi ianze. Nikamwambia kazini wamenipanga zamu mbaya, bomba la jikoni linavuja na mwenye nyumba hapokei simu, na kwamba nilikuwa nikimwogopea mjukuu wake hadi chakula hakipiti, ila sasa amepiga na ni mzima.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamsikia akishusha pumzi, kama mtu anayetua ndoo.

"Afadhali," akasema. "Leo nitalala."