Matanga ya Asa Merriden

Zamani zile mtaa mzima wa Ziwa la Ng'ombe ulikuwa na mageti mawili tu, na yote mawili yalikuwa ya makanisa. Kwingine kote kuliingilika. Ukikaanga samaki, mtaa wa pili wanajua kama ni tasi au ni changu. Ukikohoa mara moja, tangawizi imeshafika kabla hujakohoa mara ya pili. Katika mji wa namna hiyo ndimo Mwalimu Tsuma wa Kalama alimojitia kusoma maisha ya mtu aliyependa kukaa peke yake.

Tsuma alifundisha darasa la saba. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye suruali moja ya kijivu iliyopigwa pasi hadi ikang'aa magotini. Chuo kikuu alikiacha mwaka wa pili, babake alipofariki na wadogo zake wakabaki kumtazama yeye. Tangu hapo kila alichokianza kilimfia mkononi: kwaya, kuku wa mayai, nyumba ya mawe iliyofika kwenye madirisha ikaota mchicha. Alipotimiza miaka thelathini na tisa aliapa kwamba atamaliza kitu kimoja, kimoja tu, kabla hajang'oka meno. Akajiandikisha kusoma kwa posta na chuo kimoja cha ng'ambo. Bahasha za kaki zikaanza kuja, na ndani yake akaja Asa Merriden.

Merriden alikuwa Mmarekani wa karne ya kumi na tisa. Alikuwa mchungaji, akagombana na kanisa lake, akavua joho, akaenda kukaa miaka saba katika kibanda cha mbao kando ya machimbo ya chokaa yaliyoachwa. Huko alisoma vitabu vya Wahindi na mashairi ya masufi wa Kiajemi, akafikia kusema kwamba kila kiumbe kina tone la Mungu ndani yake, kwamba roho haihitaji dalali, na kwamba mtu akinyamaza vya kutosha atalisikia tone lile likidondoka. Tsuma aliyasoma haya akatazama nje, akaona machimbo ya Bamburi yakifuka vumbi jeupe, akajiona ameandikiwa yeye. Picha ya mzee yule, ndevu hadi kifuani, akaitia fremu akaitundika juu ya kitanda.

"Baba Mbeyu," mkewe Sidi alimwambia, "huyu mzungu wako kodi halipi, lakini naona ndiye mwenye nyumba."

Tasnifu aliyoandika Tsuma juu yake ilirudishwa na chuo mara mbili. Maisha ya Merriden aliyaeleza vizuri, waliomwathiri pia, lakini imani yake, wakasema, ameiandika kama mtu anayeeleza chumvi bila ya kuionja. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Safari hii aambatanishe shajara ya siku tatu alizokaa mwenyewe, kimya, bila ya kuzungumza na mtu. Bila shajara hakuna cheti, na hakuna mara ya nne.

Basi likizo ya Agosti 1988, Jumatatu asubuhi, Sidi alipokwenda sokoni Kongowea, Tsuma alitoa kigoda nyuma ya nyumba, akaegemeza picha ya Merriden ukutani ili imtie moyo, akakaa. Akaandika: *Siku ya kwanza. Kimya.* Akaweka nukta kwa fahari.

Saa nne akapita Bi Mwanatatu, jirani yake, mama wa Kidigo aliyehamia kutoka Likoni na ulimi wake wote. Alisimama akingoja shikamoo yake. Haikuja.

"Tsuma, hujambo baba?"

Kimya.

"Mwanangu, nimekukosea?"

Tsuma akatazama chini, macho yakimlenga machozi kwa aibu, maana tangu azaliwe hajapata kumnyima mkubwa salamu. Bi Mwanatatu akatafakari. Asiyeitikia salamu ni mmoja katika wawili: kiziwi au mfiwa. Kiziwi huyu si, jana tu alikuwa akibishania bei ya makaa. Akaiona picha ya mzee wa ndevu imeegemezwa ukutani. Akajifunga kanga kiunoni.

"Innalillahi! Pole, mwanangu. Pole sana."

Kufika adhuhuri mikeka imetandikwa. Dishon, fundi baiskeli aliyetoka Maragoli, akaleta mabenchi ya kanisani, akampa mfiwa mkono akautikisa hadi bega likauma. "Pole, Mwalimu. Mzee aliugua sana?" Sufuria ya mtaa, ile iliyohitaji watu wawili kuibeba, ikapanda juu ya mafiga. Tsuma alikaa katikati ya watu arubaini, mdomo ameubana, na kila alivyozidi kunyamaza ndivyo walivyozidi kumwonea huruma.

Sidi alirudi akakuta matanga kwake. Akatupa kikapu, akapiga ukemi.

"Nani? Nani amekufa?"

"Mama, wewe ndiwe wa kutwambia sisi!" alisema Bi Mwanatatu. "Mumeo hasemi."

Sidi akamtazama mumewe, akaitazama picha. Akaelewa yote kwa mara moja, kama mke anavyoelewa. Angeweza kuwatawanya watu kwa neno moja. Akafuta machozi kwa ncha ya leso.

"Ni mtu wake wa karibu," akasema. "Mzungu. Wamekuwa pamoja miaka minne. Tumlilieni, jamani, tummalize."

Akaketi kulia, na wanaomjua wanasema hajapata kulia kwa raha kama siku ile.

Matanga yakenda siku mbili. Siku ya tatu, alasiri, watu wameshiba, mazungumzo yakaingia kwenye sifa za marehemu, na Sidi, aliyezikariri bila ya kutaka, akazieleza: kibanda, machimbo, miaka saba peke yake, tone la Mungu.

"Kwamba Mungu yu karibu?" Bi Mwanatatu akaguna. "Hilo nilifundishwa chuo cha Kurani nikiwa na meno ya utoto, wala sikuhama nyumba. Mimi niambieni moja. Miaka saba, na shavu limemjaa vile. Nani alikuwa akimpikia?"

Watu wakamgeukia Tsuma. Alitafuta kichwani, bahasha baada ya bahasha, akakosa. Miaka minne, na swali hilo halijamjia.

"Kitabu hakisemi," alisema.

"Mfiwa amenena!" Dishon akaruka. "Mpeni chai!"

Jioni ile Tsuma aliandika shajara yake, na hakudanganya. Aliandika mikeka, mabenchi, sufuria, na swali la Bi Mwanatatu. Akaandika kwamba hakulisikia tone lolote, labda kwa sababu ya kelele, na labda kelele ndizo tone lenyewe. Kwa mara ya kwanza sentensi zake zilikuwa na chumvi. Akaitia posta.

Jibu lilikuja Februari. Wameipenda shajara, walisema, ila upweke hawakuuona. Wanampa miezi sita airudie shajara tu, na safari hii iambatane na sahihi ya shahidi aliyekuwapo kuthibitisha kwamba mwanafunzi alikuwa peke yake.

Tsuma akamsomea Sidi barua, kwa Kiswahili, polepole. Alijua hicho ndicho kingine kinachomfia mkononi.

Sidi alikuwa akikuna nazi. Akaiacha mbuzi ya kukunia.

"Hebu wasomi wako waulize," alisema. "Nikiwapo, hukuwa peke yako. Nisipokuwapo, nashuhudia nini?"

Tsuma aliinua kalamu akaliandika swali lile kama lilivyotamkwa, bila salamu, bila "wenu mtiifu", akaweka jina la mkewe chini, akalituma.

Hawakulijibu. Mwezi wa Julai, mwaka 1989, ilikuja bahasha ngumu, na ndani yake cheti.