Nanga ya Ndege

Juzi nilipanda ndege kubwa kwenda Mombasa, nikakaa nyuma ya bawa. Tulipogusa ardhi, vibao vya juu ya bawa vilisimama kuikandamiza ndege chini, injini zikanguruma, breki zikawa zinashika na kuachia zenyewe ili magurudumu yasiburuzike. Pale pale nikaikumbuka harufu ya mpira ulioungua, nilipokuwa mtoto, katika uwanja wa ndege wa Manda, ng'ambo ya kisiwa chetu cha Amu.

Alasiri hiyo tulivuka kwa mashua kumpokea dadangu Mwanaesha, aliyepelekwa Nairobi na shangazi kutibiwa sikio. Mimi masikio yangu yalikuwa mazima, ndiyo maana nilibaki. Niliyachukia.

Ndege ilitua, magurudumu yakafuka moshi, ikasimama. Kwetu Amu nilizoea punda na mashua, breki sikuzijua. Nilichojua ni kwamba chombo husimama kwa nanga.

"Nanga yake i wapi?" nilimuuliza Mwanaesha aliposhuka.

Akanitazama kwa huruma, viatu vipya miguuni. "I tumboni. Huishusha wakati wa kutua. Mimi nimeiona."

Niliinama kuitafuta chini ya ndege mpaka baba akanivuta mkono. Kwa wivu nikazikataa hata biskuti alizoniletea dada.

Juzi niliposhuka nikampigia Mwanaesha simu, nimweleze kuwa ni breki, si nanga. Akacheka.

"Nanga gani, mwenzangu? Nilifumba macho tangu tulipoanza kushuka, kichwa ndani ya buibui la shangazi."

Nikakata simu, nimenuna. Wakampa kiti cha dirishani, naye akafumba macho! Mimi nisingepepesa hata jicho.