Mshona Bendera za Kuchomwa

Kwa miaka ishirini Mama Bendera alishona bendera za kutiwa moto. Usicheke, ni kazi kama kazi nyingine, na mshahara wake ulitoka serikalini. Kila mwaka, siku ya kuwalaani majirani wa ng'ambo ya mpaka, karakana alimofanya kazi ilitoa bendera mia tatu za hao majirani, watu wakazitie kiberiti uwanjani huku wakipayuka. Bendera yenyewe ni bluu juu, kijani chini, na korongo mweupe katikati. Meneja wa kwanza aliamuru korongo ashonwe kichwa chini ili adui adhalilike, akapandishwa cheo kwa ubunifu huo. Ubunifu gani, jamani! Basi korongo akakaa kichwa chini hadi mafundi wapya wakaamini ndivyo alivyo.

Mama Bendera alishona akanyamaza. Mdogo wake wa kiume, dereva wa lori, alifungwa miaka kumi na miwili kwa kushikana mkono na dereva wa ng'ambo ya mpaka. Kosa lote ndilo hilo. Yule jirani alimsaidia kubadilisha tairi, naye akampa mkono wa asante, mlinzi wa mpaka akaona akaandika. Sasa alikuwa amekaa ndani miaka saba na mapafu yamekwisha. Daktari wa gereza alimwambia dada mtu waziwazi kwamba hiyo mitano iliyobaki hataimaliza.

Halafu, bila haya wala soni, redio ikatangaza kwamba Mkuu wa Nchi anakwenda kuwatembelea majirani. Majirani wale wale! Jana nyoka, leo ndugu wa damu. Mtangazaji aliyewatukana miaka yote ndiye aliyesoma habari hiyo, tena kwa sauti laini kama anatongoza. Karakana ikaagizwa bendera ndogo mia moja, wajumbe wazipunge wakishuka kwenye ndege. Mafundi wakakaa kwenye vyerehani, mikono ikaenda ilikozoea. Siku ya tatu bendera zote zilikuwa zimepigwa pasi na kupangwa kwenye maboksi, na korongo mia moja kichwa chini.

Meneja wa sasa alizikagua akasema safi kabisa. Ni Mama Bendera peke yake aliyekumbuka, maana aliijua bendera ile tangu kabla ya ugomvi. Angeweza kunyamaza. Tena alitamani sana waende wakaumbuke huko mbele ya kamera. Lakini ziara ingeharibika na mapatano kuvunjika, mdogo wake angeozea ndani, kwa hiyo akasema. Meneja akamwita mwehu, kisha akaenda kutafuta picha ya zamani, akarudi jasho linamtiririka, akaomba maji. Kitambaa kilikuwa kimekwisha, ikabidi Mama Bendera awafumue korongo wote na kuwageuza mmoja mmoja, vidole vikachubuka.

Ziara ikafana. Mkuu alikumbatiwa, akalia kidogo, akafuta machozi kwa leso ambayo tayari alikuwa nayo mkononi. Meneja akavishwa nishani. Wapiganapo fahali wawili nyasi huumia, tunajua, ila hakuna aliyewahi kutuambia wakipatana nyasi hufaidi nini.

Wiki iliyofuata Mama Bendera alikwenda ofisi ya magereza kufuatilia barua yake ya kuomba mdogo wake aachiwe. Ukutani kulikuwa na picha mpya ya Mkuu akishikana mikono na mwenzake wa ng'ambo, meno yote nje. Ofisa, kijana wa umri wa mwanawe, akafungua faili, akasoma kosa kwa sauti, akaishia katikati, maana hata yeye alisikia anachokisoma.

"Mwanangu," alisema Mama Bendera akiionyesha picha, "huyu kafanya nini ambacho mdogo wangu hakufanya?"

"Mama, Mkuu alikuwa na kibali."

"Kibali cha nani?"

"Chake mwenyewe."

Ofisa akamweleza kwa upole kwamba barua ilifika hadi juu na majibu yamerudi: mfungwa hatoki. Mama akataka sababu. Ofisa akatazama mlango, akashusha sauti.

"Akitoka leo, watu watasema alikuwa sahihi tangu mwanzo. Na kama yeye alikuwa sahihi, sisi tulikuwa nini?"

"Wajinga," alisema Mama Bendera. "Na akifia humo, wauaji. Liandike hilo kwenye faili, na jina langu chini yake."

Alikaa kwenye benchi akisubiri mpaka ofisi ikafungwa, na ofisa hakuandika.